Kompyuta ya Muziki na Jasho la Mtu

Kijana anayetaka kurekodi nyimbo nyumbani hahitaji mashine ya fahari. Kompyuta iliyokwisha kutumika, maikrofoni moja, spika za masikioni na kinanda chenye MIDI (utaratibu wa mwaka 1983, ungali ukitumika) vyamtosha. Shida ni programu. Ile inayosifiwa ni ghali, na mtaani ipo nakala yake ya bure iliyovunjwa kufuli. Je, kuichukua ni wizi?

Wako wasemao sivyo: mwizi wa kuku humwacha mwenye kuku mikono mitupu, bali anayenakili humwacha mwenyewe na mali yake kamili. Hoja hii si ya kipuuzi. Nimeisikia hata kwa walimu. Lakini mwulize kijana huyo atasemaje wimbo wake ukinakiliwa na kuuzwa stendi, naye asipate senti. Hapo ghafla wimbo huwa jasho lake. Aliyeandika programu hakutokwa na jasho?

Tena umaskini hapa si udhuru. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, yafaa kurekodi na kukata sauti. LMMS yafaa kupanga ala. Zote mbili hutolewa bure na watungaji wenyewe. Kuzizoea kunachosha, sikatai. Basi na avumilie, au adundulize fedha za ile ya ghali mpaka zitimie.