Uongo wa Telefoni na Fimbo ya Kisasi



Siku hizi jina la mtu linaweza kuuawa bila mwili wake kuguswa. Uongo unaandikwa kwa telefoni asubuhi. Mangaribi mtaa wote umeusoma. Vijana wetu wanauliza: kwa nini tusimfuate mwandishi na kumpiga?

Katika Warumi 12 mtume Paulo anatukataza kujilipizia kisasi. Lakini sura ya 13 inafuata mara moja, na pale anasema kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa kumwazibu mwovu. Basi kuacha kisasi si kuficha kosa. Inchi yetu Kongo ina Sheria ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023: anayemsumbua mwenzake kwa njia ya intaneti anaweza kufungwa na kulipa faini.

Tofauti ni hii: fimbo haiulizi. Jina lililo juu ya uongo linaweza kuwa limeibwa, nawe utampiga asiye na kosa. Tribinali inauliza: nani aliandika? Ushuhuda uko wapi? Mshitakiwa anajibu nini?

Mutasema: tribinali inakawia, tena inaomba feza. Ni kweli. Ndiyo sababu kanisa lisimwache aliyeumizwa aende peke yake. Tumsaidie kuchunga maandiko yale bila kuyafuta, tumsindikize kushitaki. Na sisi wenyewe tusiupitishe uongo ule kwa wengine; mwenye kuupitisha naye anaumiza.

Amani ya Bwana iwe nanyi.