Kumdanganya Samaki

Mtu anayekaa nyumbani jioni nzima akifunga manyoya kwenye ndoana ili yafanane na mdudu anatengeneza nini hasa? Anatengeneza uongo. Uongo mdogo, mzuri, wenye mabawa na mkia, lakini uongo. Naliuliza hili nikiwa mtuhumiwa mwenyewe: jiliwa langu dogo limekaa pembeni ya meza, hapa Kigombe, na kusi likivuma usiku na vyombo vimelala pwani, kazi yangu ni hiyo. Uzi, unyoya, mzunguko, fundo. Kichwa nakipaka rangi ya kucha kisifumuke.

Wenye mchezo huu huviita vitu hivi nzi, na asili yake ni samaki wa maji baridi aitwaye trauti, ambaye kwetu ni mgeni. Alifika Kenya mwaka 1905, kwa mayai yaliyotoka Loch Leven kule Uskoti, na Ewart Grogan akawapandikiza kwenye Mto Gura, milima ya Aberdare. Yaani walowezi hawakutosheka kuja wao, walitaka na mchezo wao uwafuate. Trauti hupenda wadudu wanaoibuka majini na kuruka, na mdudu wa namna hiyo ni laini mno kutundikwa kwenye ndoana. Ndiyo maana akaigwa. Kuigwa huko ni kwa zamani kweli: Aelian, mwandishi wa Roma, aliandika yapata mwaka 200 kwamba watu wa Makedonia walikuwa wakizungushia sufu nyekundu kwenye ndoana, kisha wakaongeza manyoya mawili ya jogoo.

Msimulie mvuvi wa Kigombe habari hiyo uone kama atashtuka. Unyoya wa jogoo anaujua. Anayerambaza mshipi nyuma ya chombo kutafuta nguru au kolekole anafunga unyoya mweupe, au nyuzi za gunia la nailoni, na samaki anaona dagaa anakimbia. Ninachofunga mimi ni hicho hicho, ila kwa uzi mwembamba zaidi na muda mrefu usio na maana. "Usio na maana" ni maneno ya mjomba wangu, si yangu.

Mjomba kavua maisha yake yote, na siku aliyonisikia nikieleza kwamba kuna watu husafiri mbali, wakalipa pesa nyingi, wakamdanganya samaki kwa nzi, wakamvuta, wakampiga picha, halafu wakamwachia, alikaa kimya kidogo.

"Mjomba," akaniambia, "mimi namdanganya nikamle. Hao wanamdanganya wakacheke."

Nilijaribu kumtetea mwachiaji, si ndiye mwenye huruma? Lakini nikifikiri vizuri naona hoja ya mjomba ni nzito kuliko inavyosikika. Uongo wenyewe haumsumbui. Hata dema ni uongo, nyumba yenye mlango wa kuingilia tu. Hata dagaa wa kweli kwenye ndoana ni uongo, maana chakula ni cha kweli lakini ukarimu si wa kweli. Na sidhani kama samaki anaweza kudanganywa kwa maana tunayoikemea sisi kwa sisi, kwa sababu hakuna ahadi iliyovunjwa kati yetu. Hakuniamini hata siku moja. Tatizo liko kwenye sababu. Anayekula ana sababu. Anayeachia amemtia kiumbe hofu na maumivu, kisha akaitupa sababu pekee ambayo ingemsafisha. Tuliosoma madrasa tulifundishwa mapema kwamba chenye roho hakifanywi shabaha ya mchezo. Uswisi nao, kwa njia yao wenyewe, wamefika karibu na hapo: sheria yao inakataza kwenda kuvua ukiwa umeshakusudia kumwachia samaki.

Lakini sasa, tusimwache mjomba ashinde kirahisi hivyo, maana pwani yetu ina mengine.

Miaka mingi bahari ya Tanga ilipigwa baruti. Anayeishi Kigombe hahitaji kuelezwa ule mlio, na alijua haukuwa radi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza, na waliotangulia walikataza pia, lakini ni kuanzia mwaka 2016 hivi, msako ulipokazwa, ndipo mlio ukapungua kwelikweli. Baruti haimdanganyi mtu. Haina chambo, haina subira, haichagui changu wala mtoto wa changu, na wengi wa waliokufa huzama bila kuokotwa. Matumbawe nayo yanageuka kifusi. Na aliyerusha baruti alikuwa na sababu ile ile ya mjomba: kula. Kwa hiyo njaa peke yake haitoshi kumsafisha mtu.

Halafu kuna jarife la kina, linalotegwa kwa ajili ya papa. Humo ndimo silikanti wetu walikokuwa wakinasa, yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka na dinosaria hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wamevuliwa kadhaa Tanzania, wengi wao upande huu wa Tanga, hadi ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009, na Kigombe imo ndani yake. Nyama yake imejaa mafuta, si ya kutamani. Hakuna aliyemtaka, hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemla. Kafa kwa sababu wavu haujui kuuliza jina.

Hapo ndipo unyoya wangu unapopata la kusema. Chambo cha manyoya mara nyingi hushika mdomoni, hakimezwi hadi tumboni kama chambo cha nyama, kwa hiyo aliye mdogo au mwenye mayai anaweza kurudi akiwa mzima. Kinamfuata samaki mmoja, wa aina fulani, kwa wakati fulani. Ili nifunge kinachofaa ilibidi nipasue matumbo ya kolekole nione amekula nini, niangalie ubavu wa dagaa unavyong'aa, nigundue kwamba jicho lina kazi kuliko mkia. Nilitaka kuandika kwamba kumjua kiumbe hivyo ni aina ya heshima. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili. Tapeli naye anamjua mtu wake vizuri kuliko ndugu zake wanavyomjua.

Kuna Wakenya wanaoishi kwa kufunga nzi kwa mkono, nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani. Kwao nzi mmoja ni unga na ada ya shule, na sioni wa kuwalaumu. Mimi sina kisingizio hicho. Nafunga kwa sababu vidole vinapenda.

Basi nimejiwekea mpaka, na naujua ni mpaka tu, haujibu swali. Sivui kama jikoni kuna kitoweo. Wa kurudishwa ni mdogo na mwenye mayai, hao tu, na sivui ili nirudishe. Matokeo yake bati langu la biskuti lina nzi wengi ambao hawajawahi kulowa, na mke wangu ameshauliza mara kadhaa wanasubiri nini. Na ile raha ya mshipi kukaza ghafla mkononi ipo hata siku ya njaa kabisa. Mjomba naye anayo, nimemwona usoni, ila yeye haiiti raha.

Wiki iliyopita alichukua viwili vyeupe, akasema mkia mrefu, akaukata kwa meno mbele yangu. Amerudi na nguru. Ameagiza vinne vingine.