Mke Tu

Panda dungu lolote katika delta ya Rufiji mpunga unapoanza kuiva, na humo utamkuta mwanamke. Kutwa nzima anafukuza ndege kwa kelele na teo. Usiku anawasikilizia nguruwe na kiboko. Mikono ikipata nafasi kidogo inasuka ukili wa mkeka. Chini ya dungu kuna mafiga matatu, sufuria ya ugali, na mtoto ambaye ilibidi leo awe darasani. Ataishi pale juu wiki baada ya wiki mpaka mavuno. Mume pengine yuko kambini anavua kamba, pengine yuko Nyamisati kwa mke mwenzake, pengine amekwenda Dar es Salaam kutafuta. Magunia yakishafika kijijini, uliza mpunga ule ni wa nani. Utatajiwa jina la mwanamume.

Mwanamke huyo hakulalamika, kwa sababu alifundwa asilalamike. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akachezwa unyago, makungwi wakamweleza usafi, heshima kwa wakwe, namna ya kumpokea mume na namna ya kufunika siri za nyumba. Mafunzo hayo siyadharau. Yamewalinda wengi na yamewapa wanawake wa pwani lugha yao wenyewe ya kuzungumza mambo ambayo wanaume hawayasikii. Lakini kuna somo moja ambalo mwali haambiwi: kwamba jasho lake ni mali, na kwamba mali isiyokuwa na ushahidi huenda kwa yule mwenye jina. Anaambiwa avumilie. Akishavumilia miaka ishirini, anapewa talaka, anaondoka na mkeka wake na vyombo vyake vya jikoni, na kijiji kizima kinaona ni sawa.

Kuna kesi moja ambayo ningependa kila kungwi wa Kibiti, wilaya ya delta hii, aijue kama anavyozijua nyimbo zake. Ilianza katika Mahakama ya Mwanzo jijini Dar es Salaam. Bi Hawa Mohamed, mke wa Kiislamu aliyeachika, alidai sehemu ya mali iliyopatikana ndoa ilipokuwa hai, ikiwamo nyumba. Mahakama ikamjibu kwamba yeye alikuwa mke tu. Nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake mume. Akakata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa tena. Hakukubali. Akaenda Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 majaji, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwamo, wakatoa hukumu ambayo mawakili wanaitaja mpaka leo. Walisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, kinachoiagiza mahakama iangalie mchango wa kila upande, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Wakasema kupika, kulea na kuitunza nyumba ni mchango. Mke anayebaki nyumbani naye ameijenga nyumba ile.

Hapo wengi wanaosimulia kesi hii huishia, na ndipo wanapomnyima msikilizaji funzo lenyewe. Bi Hawa alishinda hoja akaikosa nyumba. Ilionekana kwamba wakati wa ndoa mume alimpa fedha aanzishe biashara ya kuinufaisha familia, na yeye akazitapanya. Mahakama ikaona sehemu yake alikwisha kuila. Alifungua mlango wakapita maelfu ya wanawake waliomfuata, yeye akabaki nje.

Kwa hiyo funzo lina ncha mbili, na zote zinachoma. Kwanza, asikuambie mtu kwamba mke hana lake. Hilo limekufa mahakamani tangu 1983, hata kama linaishi bado barazani. Pili, haki isiyotunzwa hupotea. Mke akipewa mtaji, ajue zilikwenda wapi shilingi zake, aandike hata kwenye daftari la mtoto la shule. Akikopa kwenye kikoba kununua bati za nyumba, risiti ya bati iwe na jina lake na aiweke mahali ambapo panya na mafuriko havifiki. Siku ya siku, hakimu hawezi kuliona dungu wala usiku uliokesha juu yake. Anaona karatasi na anasikia mashahidi.

Nenda Bungu au Mchukwi ukaione korosho, maana huko mambo yako wazi zaidi. Mwanamume atapuliza salfa. Wanaoinama chini ya mikorosho kuokota, kutenganisha bibo na korosho, kuanika na kuchambua, wengi ni wanawake na watoto. Kisha mzigo unapelekwa chama cha msingi, AMCOS, unapimwa, unaingia kwenye stakabadhi ghalani, unanadiwa, na malipo yanapita benki kwa jina lililoandikwa kwenye stakabadhi. Jina hilo ni la nani? Hapo ndipo ndoa nyingi za Kibiti zinapogawanywa, miaka mingi kabla ya talaka, na mke hata hajui kwamba mgawanyo umekwisha kufanyika.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Lakini wanawake wa delta yenyewe wana shida ya ziada: mashamba mengi ya mpunga yamefyekwa ndani ya mikoko, na mikoko ni hifadhi ya serikali. Hapo hakuna hati ya mtu yeyote. Mke wa huko ana kila sababu ya kushika kile kinachoandikika: nyumba, mitumbwi, nyavu, mikorosho ya bara, akaunti ya simu.

Najua watakaosema haya ni mambo ya mjini, kwamba mke wa Rufiji hakulelewa hivyo. Wamkumbuke Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mbunge wa Rufiji wakati Kibiti bado ni sehemu ya Rufiji, mpaka alipokipoteza kiti hicho katika uchaguzi wa 1965. Huyu naye alilelewa kipwani. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na kutoka kwenye ngoma hizo hizo za wanawake akawaingiza maelfu yao katika chama cha TANU kuanzia 1955, kisha akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake.  Hakuwa mgeni wa mila zetu. Alikuwa binti wa mila hizo, na alizitumia kutokea nje.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa linawaponza wengi. Karatasi ya talaka aliyoiandika mume nyumbani haigawi mali. Mke aliyepewa karatasi hiyo apeleke shauri kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la BAKWATA. Usuluhishi ukishindikana apewe hati ya baraza, aende nayo Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ndiyo inayoivunja ndoa kisheria, na mahakama ndiyo inayogawa. Anayechukua mkeka wake akarudi kwa wazazi kimya kimya amemwachia mume kila kitu, na hakuna sheria itakayomfuata kwao kumpelekea chake.

Makungwi, mama zetu, chumba cha mwali ni chenu. Ongezeni somo hili humo. Na wewe uliyekwisha kuolewa, mnada wa korosho huanza Oktoba. Kabla haujafika, nenda AMCOS ya kijiji chenu, ombeni daftari lifunguliwe, mkatazame pamoja na mumeo shamba lenu limeandikwa jina la nani.