Miaka Minne Bila Salamu

Katika Mwanzo sura ya 37 kuna jambo tunalolipita mbio ili tufike kwenye kanzu na shimo. Kabla ya kumtupa Yusufu shimoni, kaka zake walishindwa hata kusemezana naye kwa wema. Shimo lilikuja baadaye. Walianza kwa kumnunia.

Juma hili nimemkumbuka Benjamin Davis, Mmarekani mweusi aliyeingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1932, akiwa na miaka 19. Siku za mwanzo aligongewa mlango, akaambiwa kuna mkutano chini. Akateremka. Kabla hajaingia akasikia mtu akiuliza: huyu mweusi tumfanyeje? Akaelewa kwamba mkutano ulikuwa wa kumjadili yeye. Akageuka, akarudi chumbani.

Tangu hapo, nje ya mambo ya kazi, karibu hakuna aliyemsemesha kwa miaka minne. Hakuwa na mwenzake wa chumbani. Alikula peke yake. Wanafunzi wenzake walitaka achoke, afunge sanduku lake mwenyewe. Mwaka 1936 akahitimu, wa 35 kati ya 276. Akaomba urubani, akakataliwa: jeshi halikuwa na kikosi cha anga cha watu weusi.

Mlango ulifunguka Tuskegee, Alabama. Darasa la kwanza la marubani weusi lilianza na watu 13. Machi 1942 walihitimu watano, naye akiwemo. Mwaka uliofuata alikuwa Afrika Kaskazini, kamanda wa Kikosi cha 99. Haikupita miezi mingi, mkubwa mmoja akaandika kwamba marubani hawa hawana moyo wa vita, waondolewe. Hapo ndipo Davis ananistaajabisha. Mtu aliyenuniwa miaka minne angefoka, na nani angemlaumu? Yeye alikwenda Washington, akaketi mbele ya kamati, akaeleza taratibu: kikosi kilianza bila rubani hata mmoja aliyewahi kuona vita, na kwa kuwa marubani walikuwa wachache kuliko wa vikosi vingine, kila mmoja alirushwa mara nyingi zaidi. Kikosi kikabaki vitani. Davis mwenyewe akaongoza Kundi la 332, lile la ndege zenye mkia mwekundu, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jenerali katika Jeshi la Anga la Marekani.

Askari wake walimwona mkali, mtu asiyezoeleka. Sishangai. Nani anyamaziwe miaka minne atoke vilevile?

Nami nina langu. Seminarini tulimchunia mwenzetu mmoja muhula mzima, tukidai anampelekea mlezi habari zetu. Hakika hatukuwa nayo. Mezani alikuwa akinisogezea bakuli la maharage, nami nalipokea bila kumtazama usoni. Sikumpiga, sikumtukana, na kwenye kitubio sikuwahi kulitaja, maana sikuona nilichotenda. Usiku nilikuwa nikisali rozari vizuri kabisa.

Mwaka 2017 West Point walifungua bweni jipya, wakalipa jina la Davis. Alikuwa amefariki miaka 15 kabla. Mwenzetu wa bakuli la maharage yu hai, na namba yake ya simu ninayo.