Usimwambie Anyamaze

Katika mafundisho ya ndoa huku Chepkoilel, waume hulalamika: “Mke wangu hushtuka nikimgusa.” Ndugu, usifikiri mara moja kwamba ana mwingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu msichana 1 kati ya 3 nchini Kenya alidhulumiwa kimapenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao leo ni wake na mama. Woga, aibu na ndoto mbaya huweza kudumu miaka mingi.

Someni Samweli wa Pili, sura ya 13. Amnoni alimnajisi Tamari, kisha Absalomu akamtaka dada yake anyamaze. Tamari akabaki na majonzi nyumbani mwa kaka yake.

Mkeo akikufunulia moyo, usimwulize mbona hakusema mapema. Mwambie unamwamini. Usimlazimishe kitandani. Mwende pamoja kwa mshauri. Hata Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, wapo. Nawe dada, dhambi ile si yako. Huna la kuungama. Mungu awaponye.