Mto Usio na Kishindo

Maporomoko ya Lofoi hayahitaji mpambe. Maji yake huanguka zaidi ya mita 300 kutoka uwanda wa juu wa Kundelungu nchini Kongo (DRC), hifadhi ya taifa tangu 1970, na jicho hushiba lenyewe.

Mbali magharibi katika nchi hiyo hiyo, kaskazini ya Sandoa, upande wa Kapanga, mto Nkalany hauna kishindo hicho. Walunda husimulia kwamba huko ndiko malkia Ruwej alikokutana na Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka Uluba, akamkabidhi lukanu, bangili ya utawala. Je, utukufu umo majini au umo kwa wasimulizi?

Kusema ni kwa wasimulizi tu hakutoshi: simulizi limeshikamana na mto huu, si mwingine. Mgeni na apitie kwanza Musumba, kwenye baraza la Mwant Yav, mfalme wa Walunda, asimuliwe kabla ya kutazama.