Springi ya Kisu na Mpaka wa Kazi ya Sabato

Kisu cha kukunja hutegemea springi ya mgongoni, kipande chembamba cha chuma kinachokandamiza kitako cha bapa ili makali yasijifunge mtu anapokata wala kujifungua kisu kikiwa mfukoni. Springi ikiwa ngumu mno, ukucha huvunjika kabla bapa halijainuka. Kuilegeza ni shughuli ya muda mfupi. Hata hivyo, kwa Mkristo anayeishika Sabato, shughuli hiyo huleta swali la zamani: tendo huanza kuwa kazi wakati gani?

Swali hilo linawahusu watu wengi katika kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya. Mwaka 1906 mmisionari Mkanada, Arthur Carscallen, alifika Nyanza pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, nao wakafungua kituo cha Waadventista Wasabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye kazi yao ilienea kusini hadi Kamagambo, ambayo sasa imo Migori. Sabato ya waumini hao huanza jua linapotua Ijumaa na kuisha linapotua Jumamosi. Amri ya nne inakataza kazi katika saa hizo, lakini haisemi kazi ni zipi.

Marabi wa Kiyahudi walijaribu kuziorodhesha. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200 B.K., inataja aina 39 za kazi, mojawapo ikiwa ni kupiga nyundo, yaani lile pigo la mwisho linalokikamilisha chombo. Chini ya aina hiyo marabi waliingiza pia kutengeneza kilichoharibika. Hapa kazi haipimwi kwa jasho. Anayesogeza meza nzito ndani ya nyumba yake huenda asihesabiwe kuwa amefanya kazi, ilhali anayegonga ribiti mara moja amefanya.

Waadventista hawafungwi na orodha hiyo, lakini kipimo chake husaidia kutofautisha njia za kulegeza springi. Ya kwanza ni kusafisha. Mara nyingi kisu cha mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay hukazwa na kutu, mchanga na magamba ya samaki, wala springi yenyewe haina kosa. Hutiwa mafuta ya taa kwenye maungio, kikafunguliwa na kufungwa polepole mpaka uchafu mweusi utoke, kisha kikapanguswa na kudondoshewa mafuta ya cherehani. Njia ya pili ni kukisugua kitako cha bapa kwa msasa laini ili kiteleze juu ya springi. Ya tatu ni kung'oa ribiti na kuipunguza springi unene kwa tupa. Fundi huenda taratibu hapo, kwa kuwa ugumu wa springi hufuata kipeo cha tatu cha unene wake: unene ukipungua kwa asilimia 10, ugumu hushuka kwa takriban asilimia 27, na chuma kilicholiwa na tupa hakirudi.

Njia ya tatu ni kazi bila ubishi, kwani inazaa springi nyingine. Ya kwanza inaonekana kuwa usafi tu, kama kuosha sahani. Lakini kisu kikiwa hakifunguki kabisa, tone la mafuta ndilo linalokirudisha kuwa kisu, na kwa kipimo cha marabi tendo hilo pia ni matengenezo. Kwa hiyo kuangalia kilichobadilika katika chombo hakutoshi.

Injili zinaongeza kipimo cha uhitaji. Yesu aliwauliza wapinzani wake ni nani asiyemtoa kondoo wake shimoni siku ya Sabato, kisha akamponya mtu mwenye mkono uliopooza. Hospitali ya Waadventista ya Kendu huwatibu wagonjwa Jumamosi kwa msingi huohuo. Mtu akinaswa mguuni na kamba ya wavu majini, hakuna anayeuliza kama ni halali kukilazimisha kisu kifunguke. Chungwa la kumenya baada ya ibada halina dharura hiyo; kisu cha jikoni kinatosha.

Kuna pia kipimo cha biashara. Nehemia aliwakemea wafanyabiashara wa Tiro waliouza samaki Yerusalemu siku ya Sabato, na hoja hiyo inaeleweka upesi katika soko la omena. Tone la mafuta analojitilia mwenye kisu si sawa na lile ambalo fundi wa jua kali anamtilia mteja kwa malipo.

Vipimo hivi vitatu vikiunganishwa, kulegeza springi ni nadra kuwa dharura, kwa kuwa kisu hakikazwi ghafla. Kutu hujijenga kwa wiki nyingi, na mwenye kisu huihisi kila anapokifungua. Wana wa Israeli waliokota mana maradufu siku ya sita, na Mhubiri anaonya kwamba chuma butu kisiponolewa humgharimu mtu nguvu zaidi. Kutunza zana ni sehemu ya zile siku sita ambazo amri hiyohiyo inaziagiza kwa kazi. Basi kusafisha na kupiga msasa ni kwa Ijumaa kabla ya machweo, na tupa ni ya siku yoyote kati ya hizo sita. Kinachobaki kwa Sabato ni dharura ya uhai, na hiyo haihitaji ruhusa.